Kakata wimbo kengele ya nne. YA NNE!

Wakuu, mliolala laleni. Mimi usingizi umegoma.

Jina simtaji, mnamjua. Yule mpiga disko wa pale kona, miwani ya jua saa nne usiku, hedifoni shingoni kama mkufu wa bibi harusi. Walitangaza wenyewe: Usiku wa Rock, kiingilio elfu kumi. Nikavaa fulana yangu nyeusi, nikapanda bodaboda kutoka Mbagala.

Nimemfuata kwa adabu zote. "Kaka, naomba Hells Bells ya AC/DC." Ananiuliza, "Hao si wa viyoyozi?" Nikameza. Nikamwekea buku mbili mezani.

Akapiga. Wimbo wenyewe unaanza na kengele. Kengele ya kwanza, vinyweleo wima. Ya pili. Ya tatu. Ya nne, KATA! Akashika maiki: "Jamani, nani kafariki?" Ukumbi mzima hoi kwa kicheko, mpaka mchoma mishikaki kaweka koleo chini. Halafu akaweka singeli.

Nani kafariki? BON SCOTT KAFARIKI, mwimbaji wa AC/DC! Februari 19, 1980, London, ndani ya gari lililoegeshwa, miaka 33. Wenzake nusura waivunje bendi, wazazi wa marehemu ndio wakawaambia endeleeni. Wakamchukua Brian Johnson aimbe, wakaenda Bahamas kurekodi, Julai ya mwaka uleule albamu ya Back in Black iko madukani, jalada jeusi tii. Na kitu cha kwanza kinachosikika ni kengele. Ile kengele NI ya msiba, ewe mwenye miwani! Umekata matanga ya watu!

Bendi ya tangu 1973, ndugu wawili wapiga gitaa, Malcolm na Angus, wameianzisha Sydney, watoto wa Glasgow waliohamishwa na wazazi. Imezika mwimbaji, 2017 ikamzika Malcolm mwenyewe. Vyote hivyo haikukatika. Imekuja kukatwa na mtu wa kona. Kengele ya nne!

Karanga za Kijiweni: Nimekaa pale. Endeleeni.

Waya Mbichi: Mleta uzi, tusidanganyane. Kengele, halafu mpiga gitaa wenu kavaa sare za shule. Kengele, kaptura, ilibaki mwalimu wa zamu tu. Mimi ningekimbilia mstarini.

Mleta uzi: Unacheka kaptura? Angus kazaliwa 1955 na bado anaivaa. Wewe suruali tu inakushinda.

Shangazi wa Temeke: Mwanangu, buku mbili si ungekula chipsi?

Bon Damu: Mimi nipo upande wa disko. AC/DC iliisha 1980, waliobaki wanarudia wimbo mmoja. Brian mwenyewe 2016 madaktari walimwambia aache majukwaa, masikio yanakwisha.

Mleta uzi: Na akarudi! 2020 wakatoa albamu ya Power Up. Alipopumzika, Axl Rose wa Guns N' Roses akamalizia ziara, kaanza mguu umevunjika, anaimba amekaa kitini. Mtu na mguu wake mbovu kaweza, huyu mzima wa afya kengele ya tano imemshinda!

Waya Mbichi: Kwani kuna ya tano?

Mleta uzi: Nakublock.

Dogo Msomi: Samahani wakuu, hilo jina AC/DC si ni mambo ya umeme?

Mleta uzi: Dada yao kina Malcolm, Margaret, aliliona kwenye cherehani. Hata zile sare za shule ni wazo lake. Tusitoke nje ya mada. Kengele ya n

Mama Vitenge: Afadhali umetaja cherehani! Fundi wangu ana kitenge changu tangu Pasaka. Kila nikienda, "bado vifungo tu dada". Juzi nimemkuta mkewe kakivaa.

Karanga za Kijiweni: Kakivaa!!! Nasogea karibu.

Shangazi wa Temeke: Afadhali wako kaiba. Wangu kanishonea gauni la send-off, mkono mmoja mrefu mmoja mfupi, ananiambia ndiyo fasheni.

Bon Damu: Mimi suruali nilitoa vipimo, nikarudishiwa ya mtu mwingine kabisa. Na simu yake mfukoni.

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa kwenye kengele.

Mama Vitenge: Kaka, kengele zipo kila Jumapili. Kitenge changu kilikuwa cha wax, yadi sita!

Dogo Msomi: Kuna mmoja Buguruni hashoni vibaya.

Mleta uzi: Huyo wa Buguruni, kaptura anashona kwa siku ngapi?

Mama Vitenge: Akikwambia Ijumaa, muulize ya mwaka gani.