Vyuo na taasisi za utafiti, matokeo ya Ziwa Tanganyika mnayapeleka wapi?

Wakuu salaam. Nimevumilia vya kutosha, leo naandika.

Mialo yetu ya Kigoma, kuanzia Kibirizi hadi Katonga na Ujiji, haiishi wageni wenye fulana za miradi. Utasikia chuo kimeingia ubia na taasisi ya utafiti, taasisi nayo ina makubaliano na makumbusho ya Ulaya, kampuni fulani imetoa fedha. Wanapima samaki, wanachota maji, wanawakalisha akina mama wajibu dodoso refu huku jua linapanda na dagaa hawajageuzwa. Wakimaliza ni asante na soda, gari linaondoka. Ripoti hatuioni.

Mama yangu mdogo anaanika dagaa Kibirizi. Wamemhoji watu wa vyuo tofauti, maswali yale yale: unauza beseni ngapi, wakati wa mbalamwezi, dagaa wasipovuliwa, unaishije. Safari ya mwisho akauliza, "Mwanangu, wale wa mwanzo waligundua nini?" Kijana hakuwa na jibu. Hata hakujua kama kuna waliomtangulia!

Kinachouma zaidi ni kwamba majibu mengine yapo. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu ziwa hili hili. Ziwa linapata joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, virutubisho vinabaki kilindini, mwani unapungua, na dagaa wanakosa chakula. Walikadiria uzalishaji wa mwani umeshuka kwa takribani asilimia 20, na kwamba samaki wanaovuliwa wangeweza kupungua kwa asilimia 30 hivi. Sasa kumbukeni mwaka 2024, uvuvi uliposimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Watu wamekaa na vipe vyao, yaani vyombo vya kuvulia, nchi kavu, wanabishana: wengine wanasema nyavu, wengine wanasema Wakongo, wengine mkosi. Habari ya joto la maji hakuitaja mtu. Zaidi ya miaka 20 imeandikwa, kwa Kiingereza, na mwaloni haijafika.

Msiniambie wavuvi hawaelewi sayansi. Gombe, hifadhi ya sokwe, iko jirani tu hapo, mtafiti Jane Goodall alianza kazi mwaka 1960. Wanafunzi wanne walipotekwa mwaka 1975 na watafiti wa kigeni wakaondoka, ni wasaidizi Watanzania, watu wa vijiji vya huku, walioendelea kuwafuata sokwe msituni na kujaza kumbukumbu kila siku. Bila wao mfululizo ule ungekatika. Anayejua upepo wa ziwa tangu utotoni atashindwaje kuelewa mchoro wa joto la maji akielezwa kwa Kiswahili?

Kuhusu makumbusho, samaki wa Tanganyika wamo kwenye chupa London na Tervuren, Ubelgiji, tangu enzi za ukoloni. Sawa, yalipita. Lakini mradi wa leo unaobeba samaki hapa kwa nini usilazimike kuacha sampuli nyingine Ujiji, kwenye jumba la kumbukumbu pale Livingstone alipokutana na Stanley mwaka 1871? Wanafunzi wanafika pale. Wakute na samaki wa ziwa lao, na jina la mvuvi aliyewavua.

Na field jamani, yaani mafunzo kwa vitendo. Vijana wa hapa wanaosoma uvuvi wanaomba nafasi kwenye miradi hiyo, wanajibiwa zimejaa, halafu wanawaona wenzao wameshushwa na gari kutoka Dar.

Ninachotaka kinajulikana. Kibali cha utafiti kinapitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Basi asiyerudisha matokeo mwaloni, kwa Kiswahili, mbele ya BMU (kikundi cha wananchi kinachosimamia uvuvi mwaloni) na wananchi waliohojiwa, asipewe kibali kingine. Fedha ya safari hiyo iwekwe kwenye bajeti tangu siku ya kusaini, kama inavyowekwa posho.

Humu kuna wahadhiri na maofisa mnaoandaa hizo hati za makubaliano. Semeni wazi: kifungu cha kurudisha matokeo kwa wananchi kipo au hakipo? Kama kipo, nani anakisimamia?