Paa la Nyanya, Desemba

*Jumamosi*

Shangazi Mghoi 07:12
Wapendwa wa Mzee Mwakio hamjambo. Leo tusizunguke. Dadi anaongeza miaka minne kwenye jeshi la majini la Marekani na wanampa bonasi ya dola 21,000. Dola moja kwa shilingi 129, hiyo ni milioni 2.7. Paa la Nyanya, mbao na choo ni 640,000. Fundi akipata nusu kabla ya tarehe 15 anaanza.

Shangazi Mghoi 07:13
Nani yuko?

Shangazi Mghoi 07:41
Naona tiki za buluu kumi na moja na hakuna hata salamu.

Anko Mwadime 08:05
Niko. Dadi huyu ndiye alikuwa akikimbizwa na yule jogoo wa mama Flora?

Flora 08:06
Ndiye 😂 sasa analinda bahari

Kilo 08:06
Jogoo yule alikuwa na cheo kuliko Dadi

Shangazi Mghoi 08:09
Tusitoke kwenye mada tafadhali.

Anko Mwadime 08:10
Jogoo alistaafu na bonasi ngapi?

Kilo 08:10
Aliliwa Krismasi anko. Na wewe ulikula shingo

Dadi 15:20
Shikamoo Shangazi. Huku ndio kumekucha, niko zamu. Nani alikuambia 21,000?

Shangazi Mghoi 15:20
Mama yako.

Mama Dadi 15:24
Mimi nilikwambia kwa siri wewe.

Dadi 15:31
Kwanza sijatia saini. Pili hesabu yenyewe iko hivi. Wanachukua mshahara wangu wa msingi wa mwezi mmoja, wanazidisha kwa miaka ninayoongeza, halafu wanazidisha kwa namba waliyoipa kazi yangu. Tufanye mshahara ni 3,500. Mara 4 ni 14,000. Namba yangu saa hii ni 1.5. Ndio inakuja 21,000. Marupurupu ya nyumba na chakula hayaingii humo.

Shangazi Mghoi 15:32
Kwa hivyo nilisema kweli.

Dadi 15:34
Siku ya kwanza wanatoa nusu tu. 10,500. Ile nusu nyingine inakuja vipande vitatu, kimoja kila mwaka. Na hiyo 10,500 kabla haijagusa benki inakatwa asilimia 22. Mkononi naona 8,190.

Shangazi Mghoi 15:35
22 ya nini tena? Si serikali ndiyo inayokupa? Sasa inakupa kwa mkono huu na kupokonya kwa ule?

Kilo 15:36
Shangazi, wewe ulifundisha miaka thelathini ukilipwa na serikali, na KRA, watu wa kodi, ilikuwa inachukua yake kila mwezi

Shangazi Mghoi 15:36
Kilo nyamaza.

Wakio Dallas 15:52
Hiyo 22 sio kodi yenyewe. Bonasi huku zinakatwa kwa kiwango kimoja, zinashikiliwa tu. Mwaka ukiisha wanajumlisha bonasi na mshahara wote ndio kodi halisi inajulikana. Kwa kipato cha Dadi, na hajaoa, sehemu kubwa ya hizo dola inaangukia asilimia 12. Akijaza fomu ya kodi mapema mwakani kuna kitu kitarudi.

Wakio Dallas 15:54
Tena makato ya pesa ya uzeeni hayagusi bonasi, yako kwenye mshahara wa msingi peke yake. Na kwa vile alijiandikisha akiwa kwangu Texas na hajabadilisha makazi, kodi ya jimbo hakuna. Virginia haimdai hata kama meli imelala pale Norfolk.

Mama Dadi 15:58
"Kwangu". Miezi mitatu kwenye kochi.

Wakio Dallas 15:59
Auntie kochi lilikuwa la kukunjua.

Anko Mwadime 16:20
Mkimaliza kuhesabu pesa ya mtoto wa watu, mnikumbushe ile ya posho mill iliishia wapi.

Shangazi Mghoi 16:44
Mashine ile ilikuja mbovu. Kila mtu hapa anajua.

Flora 16:45
Na risiti nayo ilikuja mbovu?

Shangazi Mghoi 16:46
*Ujumbe huu umefutwa*

Kilo 16:46
Nimeshausoma 😂😂

Dadi 17:10
*Ujumbe huu umefutwa*

Wakio Dallas 17:11
Asante kwa kufuta. Dadi usiandike tena safari ya meli humu, Ngele ana simu tatu na moja ni ya kilabu.

Dadi 17:15
Naam. Nilitaka kusema hivi. Nikitia saini mwezi ambao niko kwenye eneo lililotangazwa la vita, hata kama nililigusa siku moja tu, bonasi yote haitozwi kodi ya mapato. Hata vile vipande vya miaka ya mbele, nikiwa nimesharudi nimekaa ofisini nakunywa kahawa.

Kilo 17:15
Yote??

Wakio Dallas 17:17
Yote. Kwa wasio maafisa, kama Dadi, haina kikomo. Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi zimo kwenye orodha ya maeneo hayo tangu 1991.

Kilo 17:17
Basi ngoja bro. Kalamu mfukoni

Dadi 17:19
Nikingoja wanaweza kuishusha ile 1.5. Au waitoe kazi yangu kwenye orodha ya bonasi, hapo ni sifuri. Na nikichukua halafu nitoke kabla ya miaka kwa makosa yangu, sehemu ambayo sijaifanyia kazi nairudisha.

Anko Mwadime 17:21
Kama mahari. Mke akirudi kwao, ng'ombe wanafunguliwa 🐄

Flora 17:22
Anko wako walishafunguliwa mara mbili

Shangazi Mghoi 17:25
Dadi mwanangu, tia saini wiki hii. Mvua haingoji meli. Hiyo 22 itarudi kama Wakio alivyosema.

Wakio Dallas 17:26
Sikusema yote itarudi.

Flora 19:02
Babu amesomewa yote. Nipo naye hapa jikoni, naandika anavyosema:
"Hilo paa linavuja Dadi hajazaliwa. Sufuria ipo, naijua pa kuiweka. Tangu asubuhi mmemuuliza ni ngapi. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kukaa huko. Mghoi, kesho baada ya kanisa uje na kile kitabu cha posho mill."

Mama Dadi 19:40
Asante baba.

Anko Mwadime 20:15
🙏

Shangazi Mghoi 21:30
Nimesikia baba.

*Jumapili*

Dadi 00:48
Shikamoo Babu. Kusema kweli sijui. Kuna siku nataka kurudi na kuna siku sitaki. Jumatatu naonana na mshauri wa mikataba, kama namba yangu bado ni 1.5 nitajua hapo. Bonasi tuiache kwanza. Upande wa jikoni nitatuma mabati mwisho wa mwezi kutoka kwa mshahara.

Shangazi Mghoi 05:50
Ubarikiwe. Mabati mangapi?

Shangazi Mghoi 05:51
Geji 28 au 30? Fundi anataka 28.

Ngele 09:33
Samahani nilikuwa shambani. Nimesoma juu juu. Kwa hivyo kila nyumba inapata ngapi?

Flora 12:55
Shangazi, Babu anauliza umefika wapi. Chai imepoa.