Mbegu za pasnipi: kuzipanda moja kwa moja, kuziloweka, au kuziotesha kwanza kwenye karatasi?

Mwanakitalu
Ndugu wakulima, salamu. Huu ni msimu wa pili tuta langu la pasnipi linanitia aibu. Msimu uliopita nilipanda mstari wa mita tatu ikatoka miche minne; safari hii wiki tano zimepita na kilichoota ni magugu tu. Kwa asiyeufahamu mmea huu, ni jamaa ya karoti na giligilani, mzizi wake ni mrefu wenye rangi ya maziwa, na mbegu yake ni bapa na nyepesi kama ganda la kitunguu, hata ukipiga chafya inapeperuka. Nimesikia habari za njia nne: kupanda moja kwa moja shambani, kuloweka usiku kucha, kuotesha kwenye karatasi yenye unyevu, na kuatika kwenye vibomba vya karatasi. Naomba mwenye uzoefu anilinganishie, na anieleze sababu za kupendelea njia aliyoichagua.

JembeButu
Kabla ya kulinganisha njia, ndugu Mwanakitalu, mbegu zako zina umri gani? Pasnipi hupoteza uhai wake upesi kuliko mboga nyingi. Mbegu ya nyanya unaweza kuiweka miaka kadhaa ikaota, lakini ya pasnipi hudhoofika sana baada ya mwaka mmoja, na ikifika wa tatu ni heri uitupe kwenye mboji. Ikiwa pakiti ni kuukuu, njia zote nne zitakupa jibu moja. Mimi hununua mpya kila msimu, na zinazobaki nawapa majirani siku hiyohiyo ili nisijidanganye.

BibiMizizi
Aliyosema JembeButu ni kweli, ila hata mbegu mpya humshinda mtu asiyejua kwa nini inakawia. Katika ukoo huu wa karoti, mbegu inapoiva kiini chake bado ni kidogo mno, hivyo hulazimika kwanza kukua ndani ya ganda kabla ya kutoa mzizi. Kazi hiyo inahitaji unyevu usiokatika kwa wiki mbili, tatu au zaidi, na mbegu iliyokwisha kuvimba na kuanza kupasuka ikikauka hata kwa siku moja ya jua kali, haifufuki tena.

Mimi hupanda moja kwa moja na sijaona sababu ya kuacha. Nachora mfereji wa kina cha sentimita moja hadi moja na nusu, naumwagilia kabla ya kuweka mbegu ili nisizisombe baadaye, kisha nafukia kwa mboji iliyochekechwa au mchanga, kamwe si kwa udongo wa mfinyanzi, kwa maana huo hufanya ukoko ambao chipukizi hauwezi kuutoboa. Juu natandaza gunia lililoloweshwa. Kuanzia siku ya kumi nalifunua kila alfajiri, na siku nitakayoona kitu kama pini nyeupe iliyopinda shingo, gunia linaondoka siku hiyohiyo, maana likichelewa miche hurefuka ikiwa mieupe na dhaifu. Katika mfereji huohuo hudondosha mbegu za figili hapa na pale, ambazo huota ndani ya wiki moja na kunionyesha mstari ulipo.

Halafu nikuulize, mwanangu: hayo magugu uliyoyaona, ulipalilia?

SubiraKidogo
Shikamoo, Bibi. Njia yako ni nzuri kwa mtu anayeshinda shambani. Mimi nashinda kazini, kwa hiyo nilihamia kwenye karatasi na sijarudi nyuma. Natandika karatasi ya jikoni ndani ya kopo lenye mfuniko, nailowesha na kumimina maji yote yaliyozidi, natawanya mbegu zisigusane, kisha nafunika na kuweka mahali penye joto la wastani ndani ya nyumba.

Faida kubwa ni joto. Kwenye udongo wa nyuzijoto 5 za Selsiasi mbegu hii huchukua takriban siku 57 kuota, kwenye nyuzi 10 kama siku 27, na kwenye nyuzi 20 karibu siku 14. Msifikiri basi kwamba joto likizidi ndipo mambo huenda mbio zaidi, kwani kwenye nyuzi 30 kasi hurudi nyuma hadi mwezi mzima, na kwenye 35 haioti kabisa. Anayepanda kwenye ardhi baridi mno au yenye joto kali anajinyima mwenyewe.

Kasoro yake ni kwamba lazima ukague kila siku kuanzia siku ya saba. Mzizi ukitokeza milimita tatu hivi, mbegu ipelekwe shambani. Ukirefuka, hupenya kwenye nyuzi za karatasi na kukatika unapouvuta. Uking'ang'ania, kata kipande hicho cha karatasi ukizike pamoja nao. Mimi huzibeba kwa ncha ya kijiti kilicholowa, mbili kwa kila shimo, sentimita 15 kutoka shimo hadi shimo, kisha naupunguza mche ulio dhaifu.

MkulimaWaJioni
Kuloweka peke yake, kwa maoni yangu, ni msaada mdogo: usiku mmoja unaweza kukuokolea siku chache, lakini mbegu zilizolowa hunatana na itakubidi uzichanganye na mchanga mkavu ili zitawanyike. Usizipitishe siku nzima majini, zitakosa hewa.

Kuhusu vibomba, nimevitumia na nilijuta mara ya kwanza. Mzizi wa pasnipi hushuka kwa kasi wakati majani bado ni mawili, na ukigonga kitako cha chombo, utavuna mzizi wenye miguu mitatu. Kibomba kiwe kirefu, kisiwe na kitako, na kiingie ardhini kizima mara mche unapochomoza. Trei za kawaida za kuatikia nyanya zisahauliwe kabisa.

Mwanakitalu
Shikamoo, Bibi, na asanteni nyote. Nimefanya jaribio kwa njia ya SubiraKidogo: mbegu 20 kutoka pakiti niliyokuwa nikiitumia, ambayo kumbe ni ya misimu miwili iliyopita, na 20 kutoka pakiti mpya, kopo mojamoja, rafu moja. Leo ni siku ya 16. Za zamani zimeota 3, mpya 15.

Na nikujibu swali lako, Bibi. Ndiyo, nilipalilia katika wiki ya nne. Magugu yote niliyoyang'oa yalikuwa na majani mawili membamba, marefu kama nyasi.

BibiMizizi
Hayo ndiyo majani yake ya kwanza, mwanangu. Yale mapana yenye meno kama ya msumeno huja baadaye. Hata hizo mbegu chache zilizojitahidi umezing'oa mwenyewe. Zile 15 zipeleke shambani leo jioni jua likipoa, weka kijiti kwenye kila shimo, na mpaka utakapoona jani la tatu, jembe likae ndani.

Mwanakitalu
Nimezipanda zote 15, mashimo saba na moja la ziada. Zile 3 kuukuu nimezizika mwisho wa mstari, chini ya kijiti kirefu kuliko vyote. Jembe amekaa nalo mke wangu.