Mjadala: Maji nayo yawe ya kulipia kabla kama Tukuza?

Mtu wa Jang'ombe (mwenye mada)

Assalaam alaykum jamani. Jana baada ya laasiri barazani kwetu watu wamezozana mpaka kahawa ikapoa vikombeni. Kijana mmoja kauliza: kwani maji kwa nini yasiwe kama umeme? Ukitia pesa kwenye Tukuza, ile mita ya umeme ya kulipia kabla, unawasha, zikiisha unakaa kiza, hakuna bili wala deni. Wazee wakamjia juu. Mmoja akasema maji yalikuwa bure tangu Mapinduzi, na anayetaka kuyatilia mashine basi aitilie na pumzi.

Kwa vijana ambao hawakuwahi: maji Zanzibar tulikuwa hatuyalipii. Ikaja Sera ya Maji ya 2004, ikafuatia sheria namba 4 ya 2006, ndipo tukaanza kuambiwa tuchangie. Leo ziko nyumba zenye mita, na ziko zinazolipa kiwango kimoja cha mwezi, uoge mara moja au mara kumi.

Msimamo wangu siufichi. Mie nataka mita, hata hiyo ya kulipia kabla. Nyumbani kwangu nalipa kwa mwezi. Mwezi uliopita mfereji umetoa maji usiku saba tu, nimetia alama kwenye kalenda ya ukutani kwa penseli. Yanaanza saa nane usiku, yanakatika kabla ya adhana ya alfajiri. Mke wangu ndiye anayeamka, akisikia mfereji unakohoa. Pesa ya mwezi nimelipa kamili, na juu yake nikanunua madumu ya gari la punda, dumu la lita 20 kwa shilingi 300. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50. Kwa bei ya punda ni shilingi 15,000. Hiyo "bure" ya wazee naijua kwa mgongo wangu.

Kwa mita, mwezi ambao hayakutoka sitoi kitu. Leteni hoja.

Bi Mkubwa wa Michenzani

Mwanangu, wewe unajaaliwa kusikia mfereji ukikohoa. Huku juu ghorofani haukohoi, ulishakufa zamani. Maji yanaishia kwa jirani wa chini, mimi nampa kijana anipandishie madumu ngazi zote hizo, na kila ghorofa ina bei yake. Mkinifungia mita itahesabu nini? Vumbi?

Lakini si hilo lililonitoa. Umeme ukinishia usiku nawasha kibatari, nalala, asubuhi mwanangu ananinunulia kwa simu. Haya, nyumba imefikwa na msiba saa sita usiku, pesa kwenye mita hakuna. Maiti mtamkosha kwa nini? Mtapita na kofia kutafuta pesa ya mita? Umeme tuliuzoea baada ya kuishi bila yake. Maji hakuna aliyewahi kuishi bila yake.

Kikwajuni Juu

Ahsante Bi Mkubwa. Naongezea: Mtume (SAW) kasema watu ni washirika katika vitu vitatu, maji, malisho na moto. Seyyid Barghash kayaleta maji mjini kwa bomba kutoka chemchem za upande wa Bububu, zama za kina babu zetu, na hakukuwa na mtu wa mita. Serikali iko kwa ajili gani?

Mtu wa Jang'ombe

Mzee wangu, shikamoo. Moto nao umo kwenye hiyo hadithi, na Tukuza unanunua, tena kwa wakati. Pampu ya kisimani haiendi kwa dua.

Fundi Bomba, Mwanakwerekwe

Hapo kwenye pampu ndipo penyewe. Maji ya mjini sehemu kubwa yanavutwa visimani kwa umeme, yanapanda matangini, kisha yanashuka kwenu. Umeme ukikatika kisima kinanyamaza. Wenye kumbukumbu wanakumbuka 2008, na zaidi Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima kiza miezi mitatu. Watu walikuwa wanalilia friji, siye mafundi tulikuwa tunalilia maji.

Sasa kuhusu mita niwaambie jambo ambalo mwenye mada hakulitia kwenye hesabu yake: mita haijui maji. Ndani mna kigurudumu, kikisukumwa kinazunguka. Maji yakikatika, bomba lote la mtaa linajaa upepo. Yakirudi, maji yanausukuma ule upepo mbele yake, unatokea kwenu. Huko kukohoa kwa mfereji ndiko huko. Na mita inazunguka, tena mbio kuliko inavyozunguka kwa maji.

Nimepima mwenyewe kwa mteja wangu mmoja. Nimesoma mita kabla, nimefungua usiku yalipoanza, nimejaza madumu 11 ya lita 20, nimefunga, nimesoma tena. Madumu 11 ni lita 220. Mita imesema 340. Lita 120 kalipia upepo. Hapo ni usiku mmoja. Ukija kulipia kabla, upepo huo unakula pesa yako usingizini, na asubuhi huna bili ya kwenda kugombea nayo dirishani.

Dawa yake ipo, haina ajabu: valvu za kutolea upepo zifungwe pale bomba linapopanda. Zaidi ya hapo, maji yasikatike. Bomba lililojaa saa zote halina upepo.

Na jengine, najisema mwenyewe: ziko nyumba zimefunga pampu ya kunyonya moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Wa kwanza kuwasha anamkausha jirani. Nimezifunga pampu hizo, sikatai, nina watoto wanakula. Lakini msiniambie tatizo ni serikali peke yake.

Bi Mkubwa wa Michenzani

Kumbe ni wewe!

Mjambiani

Nyinyi mnagombania uniti za mjini. Njooni huku pwani ya mashariki mwone. Kwetu chini ni mawe ya matumbawe, maji matamu yako utandu mwembamba tu umekaa juu ya maji ya chumvi. Ukivuta taratibu unapata matamu. Ukivuta kwa fujo, chumvi inapanda. Wazee wetu walikuwa wanateka mapangoni kwa kata na ndoo, na pango halikuharibika kwa sababu mkono unachoka.

Siku hizi pampu haichoki. Kisima cha nyumbani kwetu, marehemu nyanya alikuwa anapikia chai. Leo sabuni haitoi povu. Hatua mia tatu kutoka hapo kuna bwawa la kuogelea la wageni, na maua yanamwagiwa mchana kweupe. Mita naiunga mkono kwa mikono miwili, lakini ianzie huko. Wenye visima vyao wenyewe wafungiwe mita kwenye kisima, walipe kila uniti, kisha ndio mje kwa mama mwenye ndoo tatu.

Mpemba wa Konde

Waunguja kwa kulalamika hamjambo. Siye waya wa umeme kutoka Tanga tumeupata 2010, kabla ya hapo tulikuwa tunategemea majenereta ya Wesha. Mvua tunazo, mabonde tunayo, tunayatazama maji yakienda zake baharini, na mfereji mkavu. Mie suala langu dogo: hiyo ya kulipia kabla, mtandao wa simu ukianguka siku mbili (na huanguka), maji nanunua wapi? Nivuke bahari nije Jang'ombe?

Kikwajuni Juu

Fundi kanifundisha, nakiri. Lakini basi hoja yangu imepata nguvu. Mita inayohesabu upepo ni mizani ya punjo, na muuza samaki mwenye mizani hiyo sokoni angefukuzwa.

Mtu wa Jang'ombe

Nimesoma yote, na nimerudi nyuma hatua kadhaa.

Bi Mkubwa, la maiti sina jibu la kukupinga. Ikiwa mita itakuja, lazima iwe na akiba isiyofungwa hata pesa ikiwa sifuri. Tuseme madumu kumi kwa siku, hayo yatoke kwa yeyote, atadaiwa baadaye. Nyumba haifungiwi maji kabisa. Na Mjambiani, mpango ukianzia kwenye bwawa la kuogelea sitaona kosa.

La upepo ndilo lililonivunja. Mie nilikuwa naikimbia bili ya mwezi kwa sababu ninalipia maji yasiyotoka, kumbe ninakokimbilia nitalipia upepo unaotoka. Kwa hiyo naubadilisha msimamo: valvu kwanza, saa za maji ziongezwe na zijulikane, mita ya kawaida ifuate. Ya kulipia kabla isubiri mpaka mtaa upate maji mwezi mzima mchana na usiku. ZURA ndio wanaosimamia bei za umeme na maji, basi na hiyo mizani aliyoitaja mzee waikague wao. Mzee wa Kikwajuni, hilo la bure bado sikubaliani nawe, nakuja Ijumaa baada ya sala tulimalize.

Jirani yangu ana mita. Kanikubalia usiku wa leo nijaribu kipimo cha fundi: tochi, madumu, karatasi. Nitawaletea namba hapa.

Fundi Bomba, Mwanakwerekwe

Uwe umeshasoma mita kabla ya saa nane, ukingoja mpaka usikie kukohoa umechelewa. Na zile tarakimu nyekundu mwishoni usiziache. Nyeusi ni uniti, lita ziko kwenye nyekundu, na upepo wako wote utauona hapo.