Naomba ushauri: sensa (vifaa vya kupimia) za kina cha maji kwenye malango ya kupitishia vyombo vya majini mtoni

Habari zenu, ndugu wataalamu. Tunabadilisha uendeshaji wa chemba ya kupandishia na kushushia vyombo kando ya bwawa la mto, yaani chumba chenye malango kinachojazwa au kupunguzwa maji ili chombo kivuke kutoka kina kimoja cha mto hadi kingine, ili vali na malango yaongozwe na kompyuta kutoka chumba kimoja. Sharti kuu ni kwamba lango lisifunguke mpaka maji ya ndani na ya nje yalingane, kwa kuwa hata tofauti ya sentimita chache, ikisukuma lango lote kwa upana wake, ni nguvu kubwa inayoweza kuharibu mtambo au kukata kamba za chombo kilichofungwa.

Shida ipo hapo hapo. Sensa za mgandamizo, zinazokadiria kina kwa uzito wa maji yaliyo juu yake, zikiwa chini ya maji huzibwa na tope, na baada ya mvua kubwa huonyesha kwamba maji yamelingana ilhali macho yanaona bado yanachuruzika kwa kasi kwenye mwanya wa lango. Tumezisafisha, tumezirekebisha upya, na tumetumia wastani wa vipimo, lakini wastani umechelewesha tu hitilafu kuonekana.

Je, inatosha kuongeza sensa ya rada juu ya maji (inayopima umbali hadi uso wa maji kwa mawimbi ya redio) na kulizuia lango kila vipimo viwili vinapotofautiana, au inahitajika sensa ya tatu? Pia, wakati wa kufunga lango, ambapo mtumbwi unaweza kuwa njiani, je, kamera pekee zinaaminika usiku na kwenye ukungu? Binafsi nasita kumwondoa mwendeshaji ukingoni katika hatua hiyo. Natanguliza shukrani.