Naomba ushauri: kuzunguka kisiwa kwa pikipiki ya kukodi

Wakuu, mwezi ujao mimi na mke wangu tunataka kuzunguka kisiwa cha kitropiki kwa pikipiki ya kukodi. Matairi, breki na taa nitakagua mwenyewe, na kila mkwaruzo nitaupiga picha kabla ya kuondoka. Leseni ya pikipiki ninayo. Ila mwenye pikipiki anataka abaki na pasipoti yangu kama dhamana, na hilo silipendi hata kidogo. Nimwachie nakala na pesa taslimu?

Kubwa zaidi ni milima. Tukiwa wawili na begi, kwenye mteremko mrefu breki zinaweza kuchemka mpaka zigome kushika. Na skuta nyingi hazina gia za kushusha mwenyewe ili injini isaidie zaidi kupunguza mwendo. Mke wangu nd'o abiria, sitaki kubahatisha. Waliopita njia za namna hiyo, mlichukua skuta au pikipiki ya gia?