Chaja ya basi isiyo na waya inaungwaje kwenye umeme wa mtaani?

Swali: Wakuu, yale mabasi ya Milton Keynes Uingereza, ruti namba 7, yalianza 2014, basi lilikuwa linapaki juu ya sahani ya kuchajia iliyofukiwa kwenye lami, linachaji dakika kama 10 linasepa. Sahani kama hiyo inaungwa laini ya kawaida tu ama?

Jibu: "Bila waya" ni hapo juu tu mkuu, chini ya lami waya kibao 😂 Chaja ni kilowati 120, sasa piga hesabu, fezi tatu volti 400, weka na upotevu, unakimbilia ampia 190 kila fezi. Ukidandia laini ya majumbani taa zinafifia kila basi likifika, so unaomba uwezo wa umeme kwa wenye gridi kwanza, transfoma ikiwa imejaa unafungiwa yako.

Jibu: Na lile boksi la chaja linalogeuza umeme wa hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde) kuwa maelfu ya hezi, bila filta nzuri linachafua umeme wa majirani

Muulizaji: na wakiweka betri pembeni?

Jibu: Inasaidia, inajazwa taratibu basi likiwa njiani, maana dakika 10 ni uniti 20 tu. Ila bei ya hiyo betri sasa, utalia